Ile haikuwa supu, alikuwa kobe

Naanza na supu kwa sababu ndiyo iliyosingiziwa. Supu ya mke wangu haina kosa. Ilikuwa ya kongoro, imechemka tangu alfajiri, ndimu na pilipili pembeni, na wote tulioinywa Ijumaa ile tuko wazima mpaka leo, hakuna aliyekimbilia chooni. Kwa hiyo nyie mliotumiwa ile sauti ya dakika nne kwenye grupu, ya rafiki yangu mmoja ambaye simtaji, yeye na mdomo wake wanajijua, inayosema baba mkwe wangu alifunguliwa tumbo na supu akiwa safu ya kwanza msikitini: futeni. Mke wangu kanipa sharti. Ama niandike ukweli leo, ama nijipikie mpaka Ramadhani.

Ukweli unaniaibisha mimi kuliko uongo ule. Lakini sijui kupika.

Masofa niliuza, hilo mnalijua, na mlinicheka wakati ule mkanimaliza, tusirudie. Nilishikwa na homa ya nyumba ya asili: kila kitu ndani kiwe kimetoka mikononi mwa fundi, si kiwandani. Mkeka wa ukili kutoka Pemba. Vikapu vya milulu vya Iringa, vitatu, vya kazi gani sijui, kimoja kina chaja na betri za rimoti. Mtungi wa Kyela, wa wale kina mama wa Kikisi, unaopooza maji vizuri mno kwa sababu unatoka jasho, na jasho lenyewe linashukia mkekani, na mkeka sasa umeota ukungu wa duara kama umechorwa kwa bikari. Ukutani yupo chui wa kuchorwa, wa Tingatinga, niliyemnunua Morogoro Stores pale Oysterbay kabla hajakauka. Fundi aliniambia njoo Jumatano, hizi rangi za mafuta hazitaki haraka. Nikasema naondoka naye leo leo. Akanifungia kwenye gazeti, akatikisa kichwa. Nilipofungua nyumbani, kipande cha gazeti kikagoma kutoka. Chui wangu ana matokeo ya ligi tumboni, mpaka dakika za magoli.

Kilichobaki kilikuwa kiti. Mkekani wanakaa vijana. Baba mkwe ana magoti ya miaka sabini na ushee, akikaa chini kumnyanyua ni kazi ya watu wawili. Na alikuwa anakuja: katoka Newala kuja Dar kuangaliwa macho, akasema Ijumaa atapita kwetu anywe supu, kisha twende swala pamoja.

Basi nikaenda Mwenge, kwenye vinyago. Fundi akanitolea vigoda viwili, pacha kabisa. Miguu mitatu, gogo moja bila kiungo, na juu pa kukalia kachongwa kobe, si kwa kutokeza sana, kiasi cha muhuri. Kimoja mpingo, laki mbili na nusu. Kingine mwembe, mweupe kama muhogo uliomenywa, elfu thelathini na tano. Hakunificha kitu, aliniambia mti kwa mti na bei kwa bei.

Nikauliza, "Huu wa mwembe hauwezi kuwa mweusi?"

Akaniangalia. "Wapo wanaopaka kiwi wakawauzia wageni. Mimi sipaki."

Wadau, yule mtu alikuwa ananikanya. Mimi nikasikia ananielekeza.

Usiku wa Alhamisi nikakaa kibarazani na makopo mawili ya kiwi. Mawili, kwa sababu mimi ni mtu wa utafiti: mpingo si mweusi tii kama sufuria ya kuni, una uhudhurungi kwa mbali. Kwa hiyo nyeusi moja, kahawia moja, nikachanganya. Nikapaka mara tatu, nikapiga brashi ya viatu mpaka kobe akawa ananirudishia sura yangu. Saa sita usiku nikamwamsha mke wangu aje aone. Akakiangalia kigoda, akaniangalia mimi, akasema, "Kinanuka shule." Akarudi kulala. Nikakifukiza udi.

Ijumaa saa nne mzee akafika. Kanzu mpya, nyeupe pe, mistari ya pasi imesimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akazungusha macho sebuleni, hayaoni sana lakini yaliona masofa hayapo. "Mnahama?"

Nikamkalisha. Na hapa, bila kuulizwa, bila kushikiwa panga, nikasema, "Hicho ni mpingo, baba." Ningeishia hapo. Sikuishia. Nikamweleza kwamba mpingo ndio mti wa taifa. Kwamba unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 mpaka ufae kukatwa. Kwamba Wazungu wanauchukua kwenda kutengenezea klarineti.

Nilikuwa namfundisha Mmakonde wa Newala habari za mpingo. Naomba mlitafune hilo taratibu. Mzee ambaye utotoni, nimekuja kuambiwa baadaye, kazi yake ilikuwa kumbebea mjomba wake magogo ya kuchongea.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akapapasa ukingo wa kigoda kwa kidole. "Weupe wake uko wapi?"

Kwa msiojua, na mimi nilikuwa mmoja wenu: mpingo mweusi ni moyo wake. Nje una tabaka la mti mweupe, na wachongaji wengi huacha utepe wa ule weupe uonekane.

"Fundi kautoa wote, baba."

"Mh."

Ile "mh" ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kutubu. Nikaongeza supu.

Saa nne na nusu umeme ukakatika. Feni ikazunguka mara mbili tatu za kuaga, ikasimama. Joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua, mtu anatoka jasho akiwa kakaa tu. Mzee akakaa tu kwa saa mbili kamili. Anahadithia korosho, mvua, bei ya mbolea, na kila akicheka anajisogeza kidogo kwenye kigoda, anasugua. Nikimkumbuka sasa namwona alikuwa anapiga chapa.

Saa sita na nusu akasema tuondoke. Ndani kulikuwa kiza kiza. Katangulia yeye, mimi nyuma na mswala wake, nyuma yangu yule rafiki yangu mwenye mdomo, ambaye alikuwepo kwa ajili ya supu. Mzee akavuka kizingiti, jua likampiga mgongoni.

Ngoja niende taratibu. Mabegani, safi. Mgongoni, safi, jasho kidogo. Kiunoni, safi. Halafu pale. Duara kubwa la sahani ya pilau. Rangi yake, si mnakumbuka nilichanganya? Nyeusi na kahawia zimeyeyuka zikaoana, na mtoto wao alikuwa na rangi ambayo mtu akiiona mahali pale, kwenye kanzu ya mzee, akili yake haiendi kwenye viatu.

Na katikati ya duara, kobe. Mzima. Gamba na vigae vyake, mistari imebaki myeupe kabisa, miguu minne, kichwa juu, mkia chini. Mzee akatupa mguu wa kulia, kobe akainua mguu wa kulia. Akatupa wa kushoto, kobe akainua wa kushoto. Alikuwa anatembea.

Sasa wewe unayesema "si ungemwambia", umeoa? Mkwe wako unamwambiaje habari ya makalio yake? Unaanza na neno gani? Nilijaribu. Nikasema, "Baba, nyuma yako..."

Akageuka. Nyuma yangu alisimama rafiki yangu, kauma kola ya shati.

"Ehe, namwona. Tulikuwa naye."

Akaendelea kutembea. Nikafungua mswala nikaushika kwa mikono miwili mbele yangu, nikamfuata karibu karibu, kama mtu anayevusha kioo cha dirisha barabarani. Mtaa wa kwanza tukaupita hivyo. Mtaa wa pili mzee akasema, "Mkwe, unanikanyaga visigino." Nikapunguza mwendo. Mama muuza maandazi akasimamisha mwiko hewani.

Msikitini wakampisha kwa heshima ya umri, wakampeleka safu ya kwanza. Nikapita mabega ya watu mpaka nikapata nafasi nyuma yake hasa. Wakati wa hotuba nilikuwa na amani, kobe amekaliwa. Lakini swala ya Ijumaa ina rakaa mbili, na rakaa mbili zina sijda nne. Nilizihesabu kabla hazijafika.

Pembeni yangu alikuwepo baba mmoja na mtoto wa miaka mitatu hivi, kofia imemzidi mpaka kwenye nyusi. Tuliposujudu, msikiti mzima ulikuwa na paji la uso chini. Mtu aliyesimama alikuwa mmoja. Na feni hazizunguki. Ni ule ukimya ambao ukimeza mate jirani anasikia.

"Baba. Kobe."

Sijda ya pili.

"Baba, kobe yule pale. Kampanda babu."

Tukanyanyuka rakaa ya pili. Sikumbuki sura iliyosomwa, Mungu anisamehe. Bega la kulia la rafiki yangu lilikuwa linatetemeka dhidi ya bega langu, machozi yanamshuka. Sijda ya tatu nikasikia vinyayo vidogo, tap, tap, tap, vinapita kando ya sikio langu. Vikasimama.

"Kobe huyu hatembei."

Sijda ya nne nilifumba macho kwa nguvu, kwa hiyo kilichotokea siwezi kukiapia. Nilisikia tu mzee akikohoa, kikohozi cha mtu aliyeguswa mahali asipotegemea kuguswa. Baada ya salamu nikafumbua. Yule mtoto alikuwa amemwinulia baba yake kidole, kidole cheusi.

"Baba, anatoka rangi."

Mtu wa nyuma akampigapiga rafiki yangu mgongoni, akamwambia Mungu akuzidishie imani.

Yaliyofuata sina nguvu nayo. Mzee mmoja akamnong'oneza baba mkwe. Baba mkwe akapeleka mkono nyuma, akautazama, akanusa. Akageuka kunitazama mimi, si mtu mwingine. Tukarudi kwa bajaji. Dereva akatandika gazeti kwenye kiti kabla mzee hajapanda, nikalipa bila kudai chenji. Nyumbani mzee kavaa msuli wangu, mke wangu kaloweka kanzu: sabuni ya kipande, ndimu, mafuta ya taa. Duara limefifia. Kobe yupo, amekuwa wa kijivu. (Ndiyo, kiwi si najisi, nimeuliza, swala yake haina neno.)

Hakusema kitu. Alikipindua kigoda juu chini, akapapasa nyayo za ile miguu mitatu. Sikuzipaka kiwi nyayo. Nani anapaka nyayo? Zilikuwa nyeupe kama muhogo.

"Leteni beseni la maji."

Tukaleta. Akakishusha taratibu, akakiachia. Kikaelea. Si kuelea kwa wasiwasi, kilijizungusha pale katikati kwa raha zake, kobe anatazama dari, kamba ya rangi inamfuata nyuma.

"Mpingo unazama, mwanangu," akasema. "Huu unataka kwenda Zanzibar."

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka, kisha mzee, akacheka mpaka akashika ukuta, mkono ukaangukia kwa chui. Akala sahani mbili za pilau. Akaomba supu tena, na hili naomba lisomwe na wote mliosikiliza ile sauti: akaomba supu tena, bakuli zima.

Jumapili karudi kwao na kobe wake kwenye mfuko wa rambo. Leo asubuhi kanipigia. Kasema kuna kigoda alichokichonga marehemu mjomba wake, kimekaa tu ndani miaka, amekitia kwenye basi kije kwetu. "Usikipake kitu," akasema, akakata simu.

Sasa hivi kondakta kanipigia kutoka Mbagala. "Kaka, huu mzigo wako ni kiti au mawe? Njoo na mwenzako."

Na nimezungusha simu kote. Mwenye nafasi leo ni mmoja tu, yule mwenye mdomo.