Mke wa Sunrise hakusamehe kirahisi

Kila inapotajwa Sunrise, filamu bubu ya F. W. Murnau ya mwaka 1927, huzuka swali lenye haki kabisa: mwanamume aliyempakia mkewe kwenye boti ili akamzamishe ziwani anapataje kusamehewa siku hiyo hiyo? Hoja ina uzito. Wazo la mauaji linatoka kwa hawara wa mjini, kwa hiyo sehemu kubwa ya lawama anabebeshwa mwanamke. Tena karibu na mwisho mume anamkaba koo hawara huyo. Mikono iliyotaka kuua asubuhi bado inataka kuua usiku.

Lakini wanaosema amesamehewa haraka wanahesabu saa tu, bila kutazama kinachotokea ndani ya saa hizo. Mume anasimama botini kumkabili, mke anamsihi kwa mikono, mume anashindwa kutimiza azma yake na kupiga makasia hadi ng'ambo. Mke anatoka mbio, anadandia tramu, mume naye nyuma yake. Maandishi kwenye skrini yanampa mume ombi moja: usiniogope. Mke hamjibu. Tramu inapita msituni, kando ya ziwa, hadi katikati ya mji, na safari yote hiyo mke ana hofu ya mtu aliyesimama naye. Murnau angeweza kukata picha na kuwafikisha mjini mara moja. Badala yake ilijengwa njia ya tramu ya kweli, nasi tukaachiwa tukae na hofu hiyo.

Kisha mkahawani. Mume anamsogezea sahani ya vitafunio. Mke anajitahidi kula, kilio kinamshinda. Hapo ndipo ninapoona waziwazi kwamba filamu iko upande wa mke. Zawadi haifuti kitu, maua anayonunuliwa hayafuti kitu. Kinachobadilisha mambo ni harusi ya watu wengine: wanaingia kanisani, kasisi anamwagiza bwana harusi amlinde mkewe na kila baya, na mume wetu anavunjika, anamwangukia mkewe akilia. Msamaha unakuja baada ya mkosaji kusikia kwa sauti ya mwingine ukubwa wa alichotaka kutenda.

Ndiyo maana siafiki wanaomwita mke huyo mpole tu. Janet Gaynor, aliyepata Oscar ya kwanza kabisa ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu hii na nyingine mbili, anaonyesha mtu anayepima: anarudi nyuma, anatazama, anasubiri. Upole usio na akili haungehitaji safari yote ile.

Kwa hawara, hata hivyo, wakosoaji wako sahihi. Margaret Livingston, anayemwigiza, amepewa sigara, nguo nyeusi na hila, basi. Filamu iliyomvumilia muuaji mtarajiwa hadi akalia haikumtengea mwanamke huyo hata dakika moja ya kueleweka, na anapokabwa koo, hakuna anayemwomba radhi.