"Pick up" na Kiingereza cha kukaririshwa

Jumamosi iliyopita, hapa Leeds, Uingereza, hakujapambazuka, msimamizi wetu wa ghala alinipigia kuuliza kama naweza "to pick up an extra shift", yaani nichukue zamu ya ziada. Nikaenda. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimelisikia neno hilo hilo tena na tena, kila mara na kazi yake. Mpolandi tunayepakia naye aliomba kuondoka mapema: "I have to pick up my daughter." Dereva alilalamika kwamba amepiga simu ofisini na hakuna aliyepokea: "Nobody picked up." Mama wa mapokezi alikuwa anapiga chafya, mafua kaambukizwa na mjukuu wake: "I picked up a cold." Nilifurahi, maana ukisikia lugha ikifanya kazi namna hiyo unaona utamu wake.

Jioni mpwa wangu wa Nyakato, kule kwetu Mwanza, yuko kidato cha pili, akanitumia picha ya daftari lake. Wameandikishwa orodha ndefu ya vitenzi vya aina hii, kitenzi na kijineno nyuma yake. Kwenye mstari wa "pick up" pana maana moja tu: kuokota. Chini yake, agizo la kukariri orodha nzima kabla ya Jumatatu. Hakuna sentensi hata moja.

Furaha ikaniisha pale pale.

Sina haja ya kuwaeleza mlioko nyumbani. Ile Januari ya kidato cha kwanza, masomo yanapogeuka ghafla kuwa ya Kiingereza, mnaijua. Darasa lililonyamaza kwa sababu anayejaribu atachekwa mpaka Novemba, mnalijua. Kibao cha "hakuna huduma bila Kiingereza" kwenye mlango wa ofisi ya walimu, mtoto anaumwa tumbo na amesimama nje anatafuta maneno, nacho mnakijua. Ninachotaka kusema ni kimoja: kwetu Kiingereza kimegeuzwa kipimo cha akili ya mtu, na kipimo chenyewe ni maneno makubwa. Huku nilipo watu wanaishi kwa maneno madogo. Mtoto wetu anakaririshwa "acquire", "resume", "improve" na "detect", ambayo ni mazuri na yana mahali pake, kwenye barua ya benki kwa mfano. Lakini kwenye basi, kazini na jikoni, shughuli zote hizo nne hufanywa na "pick up" peke yake.

Ngoja nioneshe kwa mambo ya kwetu, maana hapa ndipo pana utamu.

Umeshuka kwenye kivuko cha Kamanga, una mizigo, kaka yako ana gari. Kwa Kiswahili unamwambia, "Nipitie hapa kivukoni." Kwa Kiingereza: "Can you pick me up at the ferry?" Tazama "me" ilipokaa, katikati. Ukitaja kitu kwa jina una hiari, "pick up the bag" au "pick the bag up", zote sawa. Ukitumia "me", "him", "it" au "them", hiari imekwisha, lazima likae katikati. "Pick up him" hakuna anayesema. Kanuni hiyo moja ina faida kuliko orodha nzima ya yule mtoto, na inafundishika kwa dakika tano kwa kurusha begi darasani.

Wavuvi wa Igombe wanaujua upepo wa ziwa unavyoweza kuwa mpole kisha ghafla ukazidi. "The wind picked up." Muuza sato ambaye wiki nzima mambo yalikuwa yamelala, mwisho wa mwezi wateja wakarudi: "Business is picking up." Mlikatizwa hadithi na mgeni, ameondoka, mnaendelea mlipoishia: "Let's pick up where we left off." Mjomba aliyelipia meza nzima: "He picked up the bill." Redio ya kule kisiwani Ukara inayokamata stesheni ya ng'ambo: "It picks up the station." Na kuna moja vijana waijue mapema. Ukisema kijana alikwenda baa "to pick up a girl", watu wataelewa alikwenda kutongoza. Ukisema alikwenda shuleni "to pick up his sister", alimfuata dada yake. Sentensi ndiyo inayotoa maana, na ndiyo maana neno lililoandikwa peke yake pembeni mwa daftari ni kama samaki aliyetolewa majini.

Halafu sauti. Katika "pick it up" uzito unaangukia "up". Ukiunganisha "pick" na "up" kuwa jina, uzito unarudi mwanzoni, na hapo ndipo tulipopata pikapu, gari lile lile linalobeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Yule mtoto analipanda kila likizo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nusu ya somo lake limeegeshwa nje ya nyumba yao.

Najua yanayokuja. "Huyu kafika majuu kaota pembe, sasa anatufundisha." Ndugu yangu, nyumbani kwangu hapa hapa Leeds watoto wanaamkia shikamoo kabla ya chai na Kiswahili hakilali njaa. Sidai Kiingereza kiwe bora kuliko lugha yetu. Nadai kwamba kama tumeamua kumlazimisha mtoto asomee biolojia na jiografia kwa lugha hiyo, basi tumpe lugha yenyewe, tusimpe mifupa yake.

Mwingine atasema, "Wewe mwenyewe ulikariri, mbona umefika?" Nimefika, ndiyo. Na wangapi waliokuwa na akili kunizidi waliishia nyuma ya darasa, wamefunga midomo, kwa sababu ya lugha tu? Mmoja wao leo anatengeneza injini za boti pale Igogo, anazisikiliza tu na kujua kilichoharibika. Aliambiwa ni mzito wa kuelewa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wala wasiseme vitenzi hivi ni vyepesi ila sisi ndio wavivu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji kwamba kitenzi kinachofuatwa na kijineno kama hiki ndicho kinachowapa wageni shida kubwa kuliko yote. Anayesema hivyo ni Mwingereza. Na jina lenyewe la "phrasal verb" lilienezwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, akisema kalipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Watu walivitumia vitenzi hivi karne nyingi kabla ya jina hilo. Kwa nini mtoto wa Nyakato aanze na jina na orodha, matumizi yaje baadaye au yasije kabisa?

Hasa mtoto wa Mwanza! Mji wetu umejaa watu wanaodaka lugha hewani. Mama yangu mkubwa kauza dagaa Mwaloni maisha yake yote. Kisukuma ni cha kuzaliwa, Kikerewe na Kijita kavipata kwa wenye mitumbwi, Kinyarwanda cha kuhesabia pesa kakipata kwa wateja. Hakuwahi kushika daftari la lugha yoyote kati ya hizo. Kwa Kiingereza ungesema "she picked them up", na ni sentensi ya heshima. Hata Kiswahili chetu kina mtihani wa aina hii: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga hodi, na hatukuandikishwa orodha. Tulisikia, tukasema, tukasahihishwa bila kuchekwa.

"Lakini mtihani hauulizi mambo ya baa na upepo," ananiambia rafiki yangu mwalimu, naye namheshimu, ana wanafunzi wengi na chaki chache. Namjibu kwamba mtihani unamtaka mtoto atunge barua na insha, na mwenye sentensi ishirini hai za "pick up" ataandika kuliko aliyekariri vitenzi mia visivyo na sentensi.

Mpwa wangu nimemrekodia sauti, sentensi moja kwa kila matumizi, zote za Mwanza. Nimemwambia asiziandike kwanza. Azisikilize akiwa kwenye daladala, kisha anirudishie zake. Jana kanitumia ya kwanza: "My father picks up passengers at Buzuruga." Baba yake ni bodaboda. Wiki ijayo tunaingia "put off", na mwalimu yeyote wa Ilemela au Nyamagana anayezitaka hizo sauti aseme, nitamtumia.