Kwa nini Deok-im aliwaita marafiki zake kwanza: kuutetea mwisho wa The Red Sleeve

Kituo cha MBC cha Korea Kusini kilirusha sehemu mbili za mwisho za tamthilia ya The Red Sleeve kwa mfululizo, usiku wa tarehe 1 Januari 2022. Kumwandalia mtu msiba wa namna ile siku ya Mwaka Mpya kunahitaji moyo. Tangu siku hiyo watazamaji wamegawanyika, na anayeimaliza leo kwa mara ya kwanza hukuta ugomvi bado wa moto. Wapo wanaoona mwisho ni ukatili: mfalme Yi San amehangaikia penzi sehemu 17 nzima, halafu anaondoka mikono mitupu. Wapo wanaosema Deok-im, mwanamke aliyemhangaikia, hakuwa na mwisho mwingine wa haki. Kundi la kwanza lina sauti kubwa zaidi, na baadhi ya hoja zake ni za kweli. Tatizo ni kwamba hoja yake kuu, ile ya mikono mitupu, ndiyo dhaifu kuliko zote.

Kwa aliyesahau: Seong Deok-im, mtumishi wa kasri, anakubali baada ya miaka mingi kuwa suria wa mfalme Jeongjo, ambaye jina lake ni Yi San. Anazaa mtoto wa kiume, mtoto anakufa. Rafiki yake Yeong-hui anapoteza maisha kwa kosa la kumpenda mwanamume. Kisha Deok-im mwenyewe anaugua akiwa mjamzito, na kitandani anaomba aitiwe marafiki zake Gyeong-hui na Bok-yeon. Hakumtaja mfalme. Mfalme anakuja hata hivyo, naye Deok-im anamwomba jambo moja: wakikutana tena katika maisha mengine, ajifanye hamfahamu, ampite tu.

Hapo ndipo watu walipovunjika moyo, na wengi hawakusikia kilichofuata. Mfalme anamuuliza kama hakuwahi kumpenda hata kidogo. Deok-im anamshangaa kwamba hadi leo hajaelewa: kama kweli asingetaka, angetafuta njia yoyote ile akakimbilia mbali. Jibu hilo limo katika mazungumzo yale yale, sekunde chache tu baadaye. Mtu anayesema Deok-im hakupenda inabidi alikate jibu hilo alitupe.

Kuhusu kuwaita marafiki kwanza, sababu aliitoa mwenyewe. Mfalme ana ufalme wa kuutunza na wajibu wa kumsimamisha wima, atapona. Wale wawili hawana kitu kama hicho. Yeong-hui ameshakufa, na sasa na yeye anaondoka. Ukitazama kwa hesabu ya nani atabaki peke yake, ni ombi la mtu mwenye akili timamu. Wanaolichukulia kama kofi kwa mfalme wanasahau pia kuwa urafiki huo una mizizi nje ya tamthilia. Mwaka 1773, Deok-im wa kweli alishiriki kunakili kwa mkono riwaya ndefu iitwayo Gwakjangyangmunrok, pamoja na dada wawili wa Jeongjo na watumishi wenzake. Nakala hiyo ipo hadi leo, vitabu 10, na miongoni mwa majina ya walionakili wamo Yeong-hui, Gyeong-hui na Bok-yeon. Miaka zaidi ya 200 baadaye, alama aliyoiacha kwa mkono wake mwenyewe ni kazi aliyofanya akiwa na wenzake.

Ili kuelewa alichopoteza, itazame ajira yake. Mtumishi wa kasri la Joseon, ufalme wa Korea wa zamani, aliingia akiwa mtoto mdogo, akafunzwa idara moja: ushonaji, jiko, ufuaji, au vyumba vya mfalme. Baada ya miaka 15 hivi alifanyiwa sherehe ya kuwa mtu mzima, akavishwa kama bibi harusi, bwana harusi asiwepo. Kuanzia siku hiyo alihesabiwa mwanamke wa mfalme hata kama mfalme hajui jina lake, na mwanamume mwingine alikuwa haramu kwake. Ndiyo kesi iliyomwangamiza Yeong-hui. Lakini mtumishi huyo huyo alilipwa posho, alikuwa na zamu, na zamu ikiisha saa zilizobaki zilikuwa zake. Deok-im wa tamthilia anazitumia kunakili vitabu na kuwasomea watu hadithi kwa malipo, akiweka akiba kwa ajili ya kaka yake. Akishakuwa suria anapata cheo, vyumba na wa kumtumikia, na zamu inakuwa haina mwisho. Wenzake sasa wanamwinamia. Kazi yake ni kungoja mfalme apate nafasi. Mtoto anapokufa, hata kuomboleza kunapimwa: ana ujauzito mwingine, na anakumbushwa wajibu. Watazamaji wanaouliza "alitaka nini zaidi?" wangejaribu kuorodhesha alichokuwa nacho sehemu ya 3 na kisha sehemu ya 16.

Sasa kuna jambo ambalo kila anayebishana kuhusu mwisho huu angelijua kwanza. Jeongjo aliandika mwenyewe maandishi ya kaburi la Deok-im, na ndani yake alikiri kwamba alikataliwa. Mara ya kwanza Yi San alikuwa na miaka 15 kwa hesabu ya Kikorea, yaani mwaka 1766, akiwa bado mrithi wa kiti cha enzi. Deok-im alilia, akasema mke halali wa mrithi bado hajajaliwa mtoto, hivyo yeye hawezi kutii, akaapa kwa uhai wake. Yi San akamwacha. Miaka 15 baadaye akamtaka tena, akakataliwa tena. Safari hii akawaadhibu watumishi waliokuwa chini ya Deok-im, ndipo Deok-im akakubali.

Miaka 15. Tuitazame vizuri, maana mashabiki wa Yi San huitaja kama ushahidi wa subira yake, na kweli ni subira. Mfalme wa Joseon hakuhitaji ruhusa ya mtumishi. Kumsikiliza aliyesema hapana na kurudi nyuma, kwa mtu mwenye mamlaka kama yale, si jambo dogo, na kuliandika kaburini ili lisomwe ni kubwa zaidi. Lakini hesabu hiyo hiyo isome upande wa pili. Kwa miaka 15 Deok-im alijua kwamba swali lile litarudi. Asingeweza kuolewa, asingeweza kuacha kazi na kwenda zake, na sababu aliyotoa mara ya kwanza ilibaki palepale, kwani mke halali huyo, Malkia Hyoui, hakuzaa kamwe. Na hapana yake ya pili haikushindwa kwa hoja, ilishindwa pale watu waliokuwa chini yake walipoanza kulipa gharama. Mwandishi wa mfalme angeweza kuyaruka hayo. Mfalme hakuyaruka. Inaonekana alijua vizuri kuliko mashabiki wake kwamba "ndiyo" aliyoipata ilikuwa na kasoro.

Baada ya hapo muda ulikuwa mfupi kiasi cha kutisha. Mwanamfalme Munhyo alizaliwa 1782. Binti aliyefuata hakuishi. Munhyo alikufa kwa surua katikati ya mwaka 1786, na miezi mitano hivi baadaye mama yake akamfuata akiwa na mimba ya miezi ya mwisho ambayo nayo haikusalimika. Chini ya miaka mitano, watoto watatu na mama yao. Tamthilia haikuongeza chumvi. Kama kuna kitu, ilipunguza.

Ndiyo maana dai la "wangebadilisha mwisho" halina miguu. Machi ya mwaka 2021, mwaka ambao The Red Sleeve ilianza kurushwa, kituo cha SBS kiliifuta tamthilia ya Joseon Exorcist baada ya sehemu mbili tu, wadhamini wakiwa wamejitoa, kwa sababu watazamaji wa Korea walikasirishwa na vyakula na vifaa vya Kichina na jinsi wafalme wa kweli walivyochorwa. Hakuna mtayarishaji ambaye, miezi minane baadaye, angemfufua suria ambaye kila mwanafunzi anaweza kumsoma. Ukitaka kulaumu waandishi kwa kuua, Mr. Sunshine ya 2018 ni mahali pazuri zaidi: Eugene, Dong-mae, Hui-seong na Hina ni watu wa kubuni, na wote wanne walizikwa kwa uamuzi wa kalamu. (Nadhani hata kule uamuzi ulikuwa sahihi, ila angalau ubishi una pa kusimama.) Waliokulia kwenye diski za Jumong wamezoea shujaa kufika kwenye kiti cha enzi hadithi ikaishia hapo. Hapa kiti cha enzi ndicho chanzo cha tatizo.

Upande wa pili una hoja mbili nzito.

Ya kwanza ni ile sehemu ya kufungia. Jeongjo anafariki mwaka 1800, anafumbua macho, na Deok-im yuko pale, kijana, akimngoja. Baadhi ya watetezi wa Deok-im wanalalamika: aliomba apitwe, mbona amewekwa tena mbele yake? Ni swali zuri, na ninaona tamthilia inalijibu nusu. Deok-im anamwambia arudi kwenye wajibu wake, aende akawe mfalme. Mfalme anakataa kurudi, kisha anafanya kitu ambacho hakukifanya vile katika uhai wa Deok-im: anaomba kupendwa, pasipo amri na pasipo mtu wa kuadhibiwa akinyimwa. Deok-im anambusu kwa hiari yake. Kwa hiyo anayebadilika ni mfalme, naye ndiye anayelipa, kwa kuuacha ufalme. Nusu isiyojibiwa ni kwamba yote haya huenda ni ndoto ya mfalme, na katika ndoto yake mwenyewe mtu hapati shida kukubaliwa. Anayeondoka na shaka hiyo hajakosea.

Ya pili ni mwendo, na hapa walalamikaji wana haki kabisa. Mfululizo ulipangwa uwe na sehemu 16, ikaongezwa moja. Hata hivyo ndoa, uzazi, kifo cha mtoto, kifo cha Yeong-hui, kifo cha Deok-im na miaka 14 ya mjane wa kiume vilibanwa kwenye sehemu za mwisho, ilhali ubishi wa kama atakubali au la ulipewa sehemu nyingi. Munhyo hatumjui vya kutosha tumlilie yeye. Tunamlilia mama yake. Asilimia za watazamaji za Nielsen Korea, zilizotoka 5.7 sehemu ya kwanza hadi 17.4 sehemu ya mwisho, hutajwa sana kama jibu kwa wakosoaji. Si jibu. Zinaonyesha watu wangapi waliwasha runinga. Hazisemi kama waliridhika walipoizima.

MBC hiyo hiyo iliwahi kusimulia maisha ya mfalme huyu katika tamthilia ya Yi San, 2007 hadi 2008, kwa sehemu 77. Mwanamke yule, pale akiitwa Song-yeon, alipewa muda wote wa kuishi, kuchora picha na kupendwa, na mwishoni akafa vilevile. Wanaotaka The Red Sleeve ingekuwa na sehemu 20 wanadai kitu kinachowezekana. Wanaotaka Deok-im apone wamekosea mlango.