Tope la Simiyu na Vyoo vya Mabatini: Nani Anachafua Ziwa Victoria?

Mvua kubwa ya kwanza ya vuli inaponyesha Mwanza, mtu aliyesimama kwenye mojawapo ya madaraja ya Mto Mirongo katikati ya mji huona maji yakibadilika rangi mara mbili kabla nguo zake hazijakauka. Hutangulia maji meusi yenye harufu nzito, yakisukuma chupa, magunzi na ndala zilizopoteza wenzake. Baadaye huja maji ya rangi ya chai ya maziwa, mengi zaidi na yenye kasi zaidi, yakiyafunika yale ya kwanza na kuyapeleka ziwani. Wakazi wa Mabatini, eneo la vilima vya mawe mjini humo, wanaijua maana ya yale meusi, ingawa si jambo la kuzungumzwa mbele ya wageni: mvua ikishika, zipo kaya zinazotapisha vyoo, yaani kuvifungulia ili kinyesi kisombwe na maji ya mvua, kwa sababu gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda kwenye yale mawe, na hata lingepanda, fedha ya kulilipa haipo.

Rangi hizo mbili zinafaa kukumbukwa, maana mjadala wa uchafuzi wa Ziwa Victoria, ambao hufufuka kila msimu wa mvua na kila gugumaji linapoziba njia ya vivuko, huendeshwa kama kwamba rangi ni moja. Wapo wanaosema kwamba tatizo liko ufukweni: kwa waosha magari, wenye bustani za mchicha, wachuuzi wa samaki, viwanda, na nyumba zilizojengwa ndani ya zile mita 60 ambamo kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu. Wapo pia wanaojibu kwamba mnyonge wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, anabebeshwa mzigo wa watu wa mbali, wenye mashamba, mifugo na migodi, na kwamba kumfukuza yeye ni rahisi kwa sababu anaonekana. Kwa maoni yangu kila upande unasema kweli kuhusu uchafu wa aina moja, na unakosea pale unapoupa uchafu wa aina ya pili maelezo hayohayo.

Tuanze na ufukwe. Uchafu wa vyoo ni uchafu wa ugonjwa, na ugonjwa hauhitaji safari ndefu. Ghuba ya Mwanza ni nyembamba na yenye kina kifupi, inaingia nchi kavu takribani kilomita 60, na mji umeizunguka kwa vilima vya mawe ambavyo havichimbiki choo cha maana. Ziwa hilohilo ndilo chanzo cha maji ya mji, kwa mitambo ya Capripoint na ule mpya wa Butimba, na mtu asiye na bomba huchota ufukweni kwa ndoo. Kipindupindu kimewahi kuzuka mara kadhaa katika miji ya kando ya ziwa, na kichocho ni ugonjwa wa kila siku wa watoto wanaooga na kufua huko. Wala si afya ya wenyeji tu iliyo hatarini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili, kwanza kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza vilikiona cha moto, na wavuvi waliokuwa wakiviuzia samaki walipunjwa bei wasiyokuwa na pa kuikatia rufaa. Hapo lawama ya ufukweni ni halali kabisa.

Hata plastiki ina ushahidi wake. Watafiti walionunua sangara na sato katika soko la Mwanza na kuwapasua matumbo walithibitisha vipande vya plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa, nyuzi za nyavu na vifungashio vya pipi bado vinashuka na Mirongo kama kawaida.

Hata hivyo, ukitazama kwa makini utaona kwamba mita 60 haziligusi kabisa lile jambo baya kuliko yote. Umbali huo hupimwa kutoka ukingo wa ziwa au wa mto. Choo kinachotapishwa juu ya mlima kiko nje ya mpaka, kimefuata sheria kwa kipimo cha futi, na bado kinafika ziwani ndani ya saa moja kupitia mtaro. Dawa yake ni mabomba. Mamlaka ya maji ya Mwanza ilipojenga mtandao rahisi wa majitaka katika baadhi ya mitaa ya milimani, kwa mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na nyumba hadi kwenye mtandao mkubwa, ilionyesha kwamba mlima si kisingizio. Tingatinga la kubomoa vibanda vya mwaloni haliwezi kufanya kazi hiyo, ingawa linapigwa picha vizuri zaidi.

Sasa twende kwenye ile rangi ya chai ya maziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake ni kama mita 40 kwa wastani na kidogo tu zaidi ya mita 80 pale penye kina kirefu. Kwa ziwa la upana ule, hilo ni sinia na si mtungi. Sehemu kubwa ya maji yake, kiasi cha asilimia 80 hivi, huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hutoka kwa kukauka na jua. Kinachotoka kwa Mto Nile pale Jinja, Uganda, ni kidogo kikilinganishwa na kilichomo. Maji yakipaa kwa jua huacha nyuma kila kilichokuwa ndani yake. Kwa hiyo fosforasi iliyoingia na tope la mito ya Kagera, Mara au Simiyu haina haraka ya kuondoka, na ndiyo chakula cha mwani.

Historia ya mwani huo imeandikwa kwenye tope la chini ya ziwa. Wanasayansi waliochimbua tabaka za tope hilo walikuta kwamba wingi wa viumbe vya majini vinavyoota kwa rutuba ulianza kupanda tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na la mashamba katika bonde, yaani kabla sangara hajaletwa, kabla ya viwanda, na wakati Mwanza ikiwa mji mdogo sana. Aina za mwani nazo zimebadilika. Zile za kijani-buluu, ambazo baadhi yake hutoa sumu, zimechukua nafasi kubwa iliyokuwa ya aina nyingine. Ukitaka kuziona huhitaji maabara: katika wiki ya joto isiyo na upepo, chota ndoo pale ambapo maji yamekuwa mazito, iache mpaka asubuhi, na juu yake utakuta utando wa kijani kama rangi ya mafuta iliyomwagika.

Kuna jambo moja la Ghuba ya Mwanza ambalo husahaulika, nami sichoki kulisimulia. Furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi, majike yao huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi katika maji ya huku walionyesha kwamba pale ambapo maji yamekuwa machafu na mwanga umepungua, rangi hazitofautishiki tena, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuzaliana na kuchanganyika. Aina nyingi za furu zilitoweka kwa kuliwa na sangara, na hilo linajulikana. Lakini nyingine zimepotea bila kuliwa na yeyote, kwa ukungu wa maji tu.

Hapa wanaomtetea mtu wa mwaloni wana hoja nzito, na inazidi kuwa nzito ukiongeza hewa. Utafiti wa Rashid Tamatamah na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hushuka kutoka angani: vumbi la mashamba yaliyo wazi wakati wa kiangazi na majivu ya moto wa nyasi na mabua, vikisombwa na upepo na kushushwa na mvua. Moshi wa kiberiti kilichowashwa Meatu, mkoani Simiyu, haujui mita 60 ni nini. Lakini hoja hii nayo ina ncha mbili, kwa sababu anayewasha moto huo kwa kawaida si tajiri wala si mgodi. Ni mkulima wa pamba au mfugaji anayetafuta majani mabichi kwa ng'ombe wake. Kuhamisha lawama kutoka kwa mnyonge wa ufukweni kwenda kwa mnyonge wa mashambani hakuleti haki yoyote mpya.

Mfano wa Mto Mara unaonyesha jinsi mambo yanavyokwama watu wakigombea mhalifu mmoja. Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi na samaki wakafa kwa wingi. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza katika ardhi oevu, na wananchi wengi wakapokea maelezo hayo kwa kejeli, wakiwa wameshaelekeza vidole kwenye mgodi wa dhahabu wa jirani. Kisayansi si kichekesho: kwa upande wa Kenya wa mto uleule, imethibitishwa kwamba kinyesi cha viboko kikisombwa na mafuriko kinaweza kumaliza oksijeni na kuua samaki. Wakati huohuo, watu wanaoishi jirani na migodi wana sababu za zamani za kutoamini, na wachimbaji wadogo wa dhahabu kuanzia Geita hadi Mara bado wanatumia zebaki, sumu ambayo haigeuzi rangi ya maji hata kidogo. Maelezo yakiwa sahihi na yasiaminike, tatizo ni kwamba hakuna takwimu za kila mwezi zilizobandikwa mahali pa wazi kabla ya samaki kufa.

Ndiyo maana ufugaji wa samaki kwa vizimba, yaani ndani ya nyavu zilizozungushwa ziwani, unanipa wasiwasi wa kiasi. Serikali inausukuma kwa nguvu, na Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Mwanza kukabidhi vizimba na boti kwa vikundi vya wavuvi. Sato wa porini wamepungua, vijana wanahitaji kazi, na kizimba kilichowekwa penye kina na mkondo hakina madhara makubwa. Lakini chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki ni fosforasi inayomwagwa moja kwa moja ndani ya sinia, na kishawishi cha kuweka vizimba kwenye vighuba tulivu karibu na nyumbani, ambako kulinda wezi ni rahisi, ni kikubwa. Gugumaji linapenda vighuba hivyohivyo. Mbawakavu walioletwa miaka ya 1990 walilipunguza sana, lakini rutuba ilibaki, na mwanzoni mwa 2025 gugu la aina nyingine lilivikwamisha vivuko vya kati ya Kigongo na Busisi, katika Ghuba ya Mwanza. Daraja la hapo lilifunguliwa Juni mwaka huo na abiria wakaacha kulalamika. Magari sasa yanapita juu ya tatizo.

Ikiwa fedha ni chache, na kwa kweli ni chache, basi ningeanza na mabomba ya milimani, kwa sababu uchafu wa ugonjwa unaua mwaka huuhuu na dawa yake inajulikana hadi kipenyo cha bomba. Mita 60 ningezibakiza, lakini kama ukanda wa majani na matete unaochuja maji ya mvua, unaotunzwa na watu wa mwalo wenyewe kwa malipo au kwa haki ya kuvuna matete. Kisha ningekwenda Maswa na Meatu na neno ambalo halihitaji kutafsiriwa huko: ngitili. Wasukuma walikuwa wakitenga malisho ya kiangazi tangu zamani, na mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 katika Shinyanga ya wakati ule, iliyojumuisha wilaya hizo, ulizirudisha ngitili katika eneo kubwa mno. Penye majani, maji ya Simiyu hushuka polepole na udongo hubaki kwao, tena bila askari.

Nani alipe? Maji ya ziwa yanapandishwa kutoka Ihelele hadi Shinyanga, Kahama na Tabora, na mradi mwingine unajengwa kuyapeleka Mkoa wa Simiyu, palepale tope linapotoka. Anayeyanunua ana sababu ya kuchangia ngitili. Pingamizi ninalolisikia ni kwamba gharama itamwangukia mama wa kioski anayenunua ndoo moja moja, na ni pingamizi la haki. Kwa hiyo tozo hiyo ianzie kwa wenye vibali vikubwa vya maji, yaani viwanda na migodi, na imwache mama wa ndoo alipe anacholipa leo.