Mwenyeji Naye Achukue Kiongozi wa Msitu

Kuna fikra imetukaa sana sisi watu wa Malindi, Watamu na Gede: kwamba kiongozi wa msitu, yule anayewatembeza watu humo na kuwaonyesha njia, ni wa wazungu. Mgeni atoke Ujerumani, alipe, aonyeshwe ndege. Sisi tuonyeshwe nini, na msitu tumezaliwa kando yake? Naipinga fikra hii kwa moyo wote, kwani mtu hupotea upesi pale anapopaona ni kwao.

Msitu wetu huu, Arabuko-Sokoke, una kilomita za mraba zipatazo 420, na sehemu kubwa ni tambarare. Aliyezoea Taita hutazama mlima akajua alipo. Hapa ukishaacha barabara ya Mombasa–Malindi ukazama ndani, kila upande ni miti, na mvumo wa malori unakatika mapema. Jua nalo, mwezi wa Machi saa sita na nusu mchana, linakaa utosini. Kivuli chako unakikanyaga, hakikuonyeshi mashariki wala magharibi.

Halafu kuna njia. Nyingine ni za tembo, nyingine ni za watu wa kuni. Ya kuni huanza pana, imekanyagwa vizuri, inakutia moyo. Mbele inagawanyika mbili, kisha mbili tena, mwisho unafikia kisiki na maganda ya mti yaliyotapakaa chini, basi, imekwisha. Aliyeipitisha alikuwa akifuata ule mti tu.

Mpwa wangu alipokuja kutoka Nairobi, tulipotea humo pamoja. Gari tuliliacha kwenye mchanga mweupe, penye miti ya mrihi, tukaenda kwa miguu. Ramani ya simu ilituonyesha kidoto cha buluu katikati ya kijani kitupu: tulipo tulipajua, pa kutokea hatukupajua. "Mjomba, kwani hapa hatukupita?" aliniuliza, na mbele yetu kichaka kimefungamana hata mkono haupenyi. Adhana ya alasiri ilipotufikia kwa mbali, yeye aliisikia kushoto, mimi kulia. Maji yalikuwa yameisha.

Tuliokolewa na kijana mmoja, kiongozi aliyewaleta wageni kumtafuta bundi wa Sokoke, yule mdogo asiyefika hata shubiri moja. Hakutoa simu. Alitutazama viatu, vimejaa vumbi jekundu, akasema, "Mzee, mmevuka mkaja magharibi. Gari lenu liko kule kwenye mchanga mweupe, na huku mnazidi kuipa barabara mgongo."

Msitu wote ulikuwa kichwani mwake. Upande wa mashariki, karibu na barabara, ni msitu wa miti mchanganyiko. Katikati ni mchanga mweupe wa mrihi, kweupe, unaona mbali. Magharibi ni udongo mwekundu na kichaka kizito, na ndiko anakolala yule bundi. Sisi tulikuwa tumeukanyaga udongo huo muda mrefu bila kuuona. Maarifa ya namna hii hayajaandikwa kwenye kibao chochote njiani, na wenye nayo ni vijana wa vijiji vya hapa hapa tunaowapita getini kana kwamba hawapo.

Najua hali ya mifuko. Lakini familia mbili tatu zikichanga, ada ya kiongozi haizidi tunachotumia ufukweni Jumapili moja. Na pesa hiyo ina kazi nyingine. Muhugu umekatwa sana humu kwa ajili ya vinyago; kijana anayekula kutokana na mti uliosimama ana sababu ya kuulinda. Mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza 1993, umeonyesha njia: wakulima wa kandokando wanafuga vipepeo wa msitu huu na pupa wao, vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, wanauzwa ng'ambo. Kwa nini soko la viongozi litegemee ndege za watalii peke yake, likauke kila msimu wa wageni ukiisha?

Shule zetu ndizo ningependa zianze. Watoto wa Kilifi wanamjua simba wa vitabuni, na sange mwenye kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu, hawajapata kumwona akichakura majani.

Ofisi ya msitu iko Gede, kando ya barabara kuu. Mtafuteni kiongozi siku moja kabla, mwingie saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na maji yake, na mkubaliane bei kabla ya kuondoka getini.