Mwenzetu kwa lipi?

Shangazi yangu alinipigia simu usiku wa kuamkia uchaguzi. Siku hiyo hakuwa na salamu ndefu. "Mwanangu, kesho mpe yule mwenzetu." Nikamuuliza, "Mwenzetu kwa lipi, shangazi?" Akashangaa kwamba nauliza. "Si anasali na sisi?" Nikamwomba anitajie jambo moja tu ambalo huyo mwenzetu ameahidi kulifanya akichaguliwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mtu anayemcha Mungu hawezi kutudhulumu."

Sikubishana naye usiku ule. Nampenda, na maneno yake si ya kupuuzwa. Mimi mwenyewe nasali. Dini ndiyo iliyonifunza kwamba mali ya yatima hailiwi na kwamba ahadi ni deni, kwa hiyo anayeniambia imani haihusiani kabisa na tabia ya kiongozi, simwelewi. Ninachokikataa ni kulichukua jina la dini peke yake na kuligeuza kuwa cheti cha uadilifu. Kumcha Mungu ni jambo moja, kuhesabiwa miongoni mwa wanaomcha ni jingine, na sisi wapiga kura tunaliona hili la pili tu.

Tazama Malawi. Kamuzu Banda alikuwa mzee wa kanisa, akitawala nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wakristo. Mwaka 1971 alifanywa rais wa maisha, na waliompinga wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kusali pamoja na wananchi wake hakukuwafaa kitu wale waliokuwa gerezani. Ulipofika uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1994, wapiga kura haohao walimchagua Bakili Muluzi, ambaye ni Mwislamu. Hawakuwa wamebadili dini. Walikuwa wamechoka kuogopa. Lakini hadithi haikuishia hapo, na ndiyo maana naipenda. Mwaka 2002 wafuasi wa Muluzi walitaka Katiba ibadilishwe ili aweze kugombea tena baada ya vipindi vyake viwili, na Bunge likakataa. Mkristo na Mwislamu, wote wawili walishikwa na tamaa ileile ya kiti. Wa kwanza aliondolewa kwa kura, wa pili akazuiwa na wabunge.

Senegal nayo, ambako zaidi ya asilimia 90 ya watu ni Waislamu, iliongozwa na Mkatoliki, Léopold Sédar Senghor, kwa miaka 20 tangu 1960. Aliondoka kwa hiari yake na kumwachia Abdou Diouf, Mwislamu.

Tunapoifanya dini kuwa sharti, tunadhani tunamnyima mgombea peke yake. Uingereza, mwaka 1847, wapiga kura wa Jiji la London walimchagua Lionel de Rothschild, Myahudi, awe mbunge wao. Kiapo cha Bunge kilimtaka aape kwa imani ya Kikristo. Hakuweza kuyatamka maneno hayo kwa dhati, basi hakuruhusiwa kuketi. Walimchagua tena na tena. Alikaa kwenye kiti chake mwaka 1858. Kwa miaka 11 wananchi walikuwa na mbunge waliyemtaka, na sauti yake ikabaki mlangoni.

Je, basi mpiga kura asiulize lolote kuhusu dini? Aulize. Septemba 12, 1960, John F. Kennedy, Mkatoliki aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, alisimama Houston mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti waliohofu kwamba angepokea maagizo kutoka Roma. Hakuwakemea kwa kuuliza. Aliwaambia kwamba maamuzi yake yatafuata dhamiri yake na maslahi ya taifa, si amri ya viongozi wa dini, na kwamba siku dhamiri yake na maslahi ya taifa vikigongana kabisa, atajiuzulu. Hilo ndilo jibu la mtu mzima, na lilipatikana kwa sababu swali halikuishia kwenye "unasali wapi". Lilifika kwenye "sisi tusiosali nawe utatutendea nini".

Mgombea akipanda jukwaani na kusema watu wa dini fulani hawatapata kazi serikalini, au kwamba maandiko yake yatakuwa sheria juu ya kichwa changu na cha jirani yangu, hapo dini yake imekuwa sera, na sera lazima ipimwe. Kura yangu haipati. Akiwa wa dini yangu ndiyo kabisa, kwa sababu atakuwa anafanya dhuluma kwa jina ninaloliheshimu kuliko yote.

Kipeperushi cha yule mwenzetu bado ninacho. Upande wa mbele amepiga magoti, amefumba macho, mikono ameinua. Nyuma kuna jina lake, nembo ya chama na tarehe ya kupiga kura. Nilikigeuza mara mbili nikitafuta neno shule, neno dawa, neno maji. Hakuna. Alishinda, na tangu siku hiyo tumemwona kwenye ibada kubwakubwa, safu ya mbele.

Shangazi amenipigia tena wiki hii, kwa sababu uchaguzi mwingine unakaribia, na ana mwenzetu mwingine. Safari hii nimemwomba tuandike maswali mawili ya kumpelekea: fedha za umma atazisimamia vipi, na asiyesali naye atamhudumia vipi. Amekubali, kwa sharti kwamba mgombea wangu naye apelekewe hayohayo.