Super Formula ya Japani: ngazi ya kwendea F1 au ligi yenye heshima yake?

Ishu ya dereva wa Kijapani Ritomo Miyata bado inaniuma jamani. Mwaka 2023 alibeba ubingwa wa Super Formula, ndo ligi kuu ya langalanga kule Japani, akamwacha nafasi ya pili Liam Lawson aliyeletwa na Red Bull, timu ya Formula 1 (F1), halafu 2024 tunamkuta F2, daraja la chini ya F1, anaanza upya na madogo, msimu mzima hajashinda mbio hata moja. Lawson aliyepigwa yeye alishaonja F1 mwaka uleule wa 2023.

Wanaotaka Super Formula iwe ngazi rasmi ya kwenda F1 wana hoja, tusiwabeze. Leseni ya F1 inataka pointi 40 ndani ya miaka 3, unazopata kwa nafasi unayomaliza kwenye ligi nyingine, bingwa wa F2 anazizoa zote kwa msimu mmoja, bingwa wa Japani hafikishi. Halafu F2 wanakimbia saketi moja na F1, wikendi moja, mabosi wa timu wanakuona kwa macho, ila ukiwa Sugo au Autopolis, saketi za Japani, nani wa Ulaya atakuona?

Ila mi naona tukiigeuza kituo cha kupitia tu tutaiua. Hii kitu ipo tangu 1973, chasi (bodi ya gari) ni ya kampuni ya Dallara kwa wote lakini Honda na Toyota wanabanana kwa injini, na mainjinia wa kila timu wanachokonoa seting za gari mpaka basi, kwa hiyo mgeni akija anakutana na watu walioijua saketi ya Suzuka miaka kumi. Stoffel Vandoorne alikuja 2016 akiwa bingwa wa GP2 (jina la zamani la F2), akamaliza wa nne. Pierre Gasly 2017 alikosa taji kwa nusu pointi, mbio za mwisho Suzuka zilifutwa sababu ya kimbunga, taji likaenda kwa Hiroaki Ishiura. Naoki Yamamoto kachukua mara 3 na hajawahi kuanza hata mbio moja ya F1, sasa huyo utamwita aliyefeli?

Na kuna suala la hela, F2 familia au mdhamini ndo anatoboka mfuko, Japani madereva wengi wanalipwa kukimbia.

FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, waiongezee Super Formula pointi za leseni, basi, ligi waiache ilivyo. Na F1 si njia pekee, mbona Alex Palou alimaliza wa tatu pale 2019, mwaka uliofuata akaenda IndyCar, ligi kubwa ya langalanga Marekani, na mpaka 2025 keshabeba mataji 4.